Asiyekubali Kushindwa si Mshindani

Wahenga wetu walisema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii tumezoea kuisikia viwanjani, mpira unapokwisha na waliofungwa wakaanza kumzonga mwamuzi. Mimi nataka kuielekeza kwingine. Nataka kuielekeza kwa wale wanaodai kwamba maisha ya mtu yamo ndani ya jina lake, au katika nyota zilizokuwa angani saa alipozaliwa, na kwamba wao wanajua kuyasoma. Watu hawa wamekwisha kuingia uwanjani na kiingilio wamekwisha kukipokea. Lakini ukiwaambia, "Haya, sasa tuhesabu mabao," wanakujibu kwamba mchezo wao ni mtukufu mno, hauhesabiwi.

Ndugu msomaji, sitapoteza wakati wako kwa waganga wa vichochoroni. Kila ninapozungumza na marafiki zangu juu ya kupiga ramli, au juu ya ile hesabu ya abjadi ambayo mtu huulizwa jina lake na la mama yake, herufi zikajumlishwa, zikatolewa 12 mara kwa mara, na mabaki yakaitwa nyota yake, hunijibu kwa haraka: "Hizo zetu zimeharibiwa na wenye njaa. Watazame Wachina na Wahindi. Hao wana elimu ya maelfu ya miaka, wana vitabu na wana mabingwa." Vema. Kumwangusha mtoto mdogo si ushujaa, kwa hiyo nitawaacha wa kwetu na kuwachukua hao hao wanaosifiwa. Nitauliza swali moja tu: walipopimwa, walipata ngapi?

Kabla sijaendelea, niweke wazi kanuni. Sisemi kwamba kisichopimika hakipo. Mapenzi hayapimwi kwa kibaba, wala huzuni haiuzwi kwa ratili. Anayeniambia kwamba akizitazama nyota usiku hujiona mdogo mbele ya Muumba wake, sina ugomvi naye. Hata mimi hujiona hivyo. Lakini anayeniambia kwamba binti fulani akiolewa mumewe atakufa, au kwamba jina fulani litamletea mtoto mali, huyo amesema jambo linaloweza kuhesabiwa. Waume wangapi wamekufa? Watoto wangapi wametajirika? Maneno yake ameyatoa moyoni akayapeleka sokoni, na cha sokoni hupimwa.

Tuanze na Wachina. Katika kalenda yao ya kale kila mwaka, kila mwezi, kila siku na kila saa hupewa alama mbili. Basi mtoto anapozaliwa hupata alama 8, na ndiyo sababu elimu hiyo huitwa Herufi Nane. Kila alama huwekwa katika fungu mojawapo la mambo matano: mti, moto, udongo, chuma na maji. Mpiga hesabu akiona kwamba mtoto amepungukiwa na mojawapo, humchagulia jina la kuliziba pengo hilo. Mwandishi wao mashuhuri, Lu Xun, alituonyesha desturi hiyo katika hadithi aliyoitoa mwaka 1921 kuhusu mtu aliyerudi kijijini kwao. Mle yumo mtu aitwaye Runtu. "Run" ni mwezi wa nyongeza wa kalenda, ambamo alizaliwa. "Tu" ni udongo, ambao alipopigiwa hesabu alionekana kuukosa. Baba yake akaviunganisha viwili hivyo vikawa jina. Na huyo Runtu, pamoja na udongo wake wa jina, alikua akawa fukara aliyevunjwa mgongo na kodi, njaa na wingi wa watoto. Hadithi si ushahidi, nakubali. Nimeitaja ili uione desturi yenyewe, na uone pia kwamba Wachina wenyewe walianza zamani kuitilia mashaka.

Upo mtindo wa pili ambao unauzwa sana katika zama hizi, hata kuna programu za simu zinazolipa jina maksi kwa mia kama mwalimu anayesahihisha daftari. Mtindo huo huhesabu mistari ya kalamu inayotumika kuandika kila herufi ya jina. Mistari ya jina la ukoo na ya jina la mtu hujumlishwa kwa njia tano, kisha jumla hizo hutazamwa katika jedwali la namba 81, ambalo kila namba yake ina heri au nuksi. Wauzaji huuita mtindo huu urithi wa mababu wa Kichina. Ukweli ni kwamba hesabu hiyo ya njia tano ilitungwa na Mjapani aitwaye Kumasaki Kenō mwanzoni mwa karne ya 20, ndipo ikavuka bahari kwenda Taiwan na China bara. Wapo wazee waliozaliwa kabla haijafika kwao. Basi hoja ya "maelfu ya miaka" imekwisha kuanguka kabla hatujafungua daftari la hesabu.

Tulifungue hilo daftari. Nilikaa mezani na kalamu na karatasi, nikachukua jina la kawaida kabisa, tuseme Chen Ming. "Ming" maana yake ni mwangaza, na huandikwa kwa jua na mwezi vikiwa bega kwa bega: mistari 4 na mistari 4, jumla 8. Hapo hapana ubishi. Ubishi uko kwenye ukoo. Huko China bara, tangu maandishi yaliporahisishwa katika miaka ya 1950 na 1960, Chen huandikwa kwa mistari 7. Huko Taiwan, ambako wameshika maandishi ya zamani, huandikwa kwa mistari 11. Na wapiga hesabu wanaofuata kamusi ya Mfalme Kangxi, iliyotoka mwaka 1716, huihesabu kila sehemu ya herufi kwa umbo lake la asili, wakapata 16. Sasa jumlisha jina zima. Kwa hesabu ya kwanza ni 15, ambayo katika jedwali lao ni namba ya heri. Kwa hesabu ya pili ni 19, nayo ni ya nuksi. Kwa hesabu ya tatu ni 24, ambayo ni ya heri tena.

Mtu ni yule yule, amezaliwa na mama yule yule, na akiitwa anaitika vile vile. Je, akipanda meli upande mmoja wa mlango wa bahari akashuka upande wa pili, heri yake imezama njiani? Mabingwa hujibu kwamba hesabu ya Kangxi ndiyo sahihi na nyingine ni za wanafunzi. Nami nauliza: mmejuaje? Je, mliwachukua watu elfu wenye 24 na watu elfu wenye 19, mkawafuatilia mpaka wazeeke, mkaona nani walifanikiwa? Hiyo ndiyo njia pekee ya kuamua kwamba namba hii inafaa na ile haifai. Lakini ubishi wao huamuliwa kwa ukubwa wa jina la bingwa na urefu wa ndevu zake. Fundi seremala akiwa na futi tatu zinazotoa vipimo vitatu kwa ubao mmoja, hawezi kutuambia zote ni elimu ya kale. Hana budi kuzijaribu, na mbili angalau azitupe.

Na sisi huku kwetu, bila jedwali lolote, tumekwisha kufanya jaribio hilo pasipo kujua. Tuna majina ya Shida, Tabu na Mashaka, waliopewa watu kwa sababu ya hali iliyokuwapo walipozaliwa. Tuna pia Bahati, Baraka na Neema. Mtazame kila mmoja unayemjua. Mimi namfahamu Shida mwenye nyumba mbili na wajukuu waliosoma, na namfahamu Bahati ambaye mvua ikinyesha huhamisha kitanda. Sitaki kulifanya hili kuwa sheria, maana watu wawili si hesabu. Nasema tu kwamba kama jina lingekuwa na nguvu hizo, sisi tungekuwa wa kwanza kuliona, na hakuna mzazi ambaye angethubutu kumwita mwanawe Mashaka.

Tuvuke sasa milima ya Himalaya tuingie India, maana huko jina na nyota vimefungwa kamba moja. Katika unajimu wao ule unaohusishwa na Veda, njia ya mwezi angani hugawanywa katika vituo 27, na kila kituo katika robo 4. Jumla ni robo 108, na kila robo ina silabi yake. Mtoto aliyezaliwa mwezi ukiwa katika kituo cha kwanza, kiitwacho Ashwini, anatakiwa jina lake lianze na Chu, Che, Cho au La, kwa kufuata robo. Desturi hiyo ilivuka bahari pamoja na watu. Hata huku Afrika Mashariki wapo Wahindu wanaomwendea kuhani wao kuuliza silabi ya mtoto kabla ya kumpa jina. Kama desturi ya kumpokea mtoto, ni nzuri. Lakini kama ni elimu ya kujua yajayo, lazima tuiulize ilipoanzia na ilivyopimwa.

Ilipoanzia si kule inakodaiwa. Vituo vya mwezi ni vya Wahindi wenyewe tangu kale. Lakini yale makundi 12 ya nyota pamoja na nyumba 12 za kusomea maisha ya mtu yaliingia India kutoka kwa Wayunani, katika karne za mwanzo baada ya Kristo. Hata neno lao "hora" ni la Kiyunani. Isitoshe, mhimili wa dunia huyumba polepole, kiasi cha digrii 1 kwa kila miaka 72. Wanajimu wa Ulaya huanza kuhesabu kutoka mahali jua lilipo siku ya mlingano wa Machi, ilhali wa India huanza kutoka nyota zenyewe, na leo hesabu hizo mbili zimeachana kwa digrii 24 hivi. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa Aprili 1, magazeti yetu yanayofuata Ulaya humwambia jua lake lilikuwa katika Punda, naye mnajimu wa Kihindi humwambia lilikuwa katika Samaki. Kila mmoja ana wateja wanaoapa kwamba ameyasema kweli tupu. Na Wahindi wenyewe hawakubaliani: wapo wanaofuata hesabu ya Lahiri na wapo wanaofuata ya Raman, nazo zimepishana zaidi ya digrii moja. Robo moja ya kituo ni digrii 3 na theluthi. Basi watoto wengi hupata silabi moja kwa bingwa huyu na silabi nyingine kwa bingwa yule.

Kuna pia suala la kurwa na doto, ambalo ni la zamani kiasi kwamba Mtakatifu Augustino alilitumia dhidi ya wanajimu wa wakati wake. Pacha hawa huzaliwa kwa kupishana dakika chache, na bado mmoja huzikwa mtoto na mwingine akazeeka. Mnajimu wa Kihindi hujibu kwamba ipo migawanyo midogo sana, ambayo hubadilika kila baada ya dakika mbili. Jibu hilo ni mtego kwa mwenyewe. Ikiwa dakika mbili zina uzito huo, basi chati za wale wote ambao saa zao za kuzaliwa zilikisiwa na mkunga aliyekuwa na kazi ya kuokoa maisha ya mama hazina maana, na fedha zao zirudishwe. Ikiwa dakika mbili hazina uzito, kurwa na doto wawe na maisha mamoja. Achague.

Sasa nije kwenye kipimo chenyewe. Mwaka 2008, katika mji wa Pune ulioko jimbo la Maharashtra, Jayant Narlikar, mmoja wa wanasayansi wakubwa wa anga waliopata kutokea India, aliwaalika wanajimu wa nchi yake kwenye jaribio la haki. Pamoja naye walikuwa Sudhakar Kunte, bingwa wa takwimu, Prakash Ghatpande, ambaye hapo zamani mwenyewe alikuwa mnajimu, na Narendra Dabholkar, daktari aliyekuwa akiongoza chama cha kupinga ushirikina katika jimbo hilo. Walikusanya saa, tarehe na mahali pa kuzaliwa pa watoto 200: watoto 100 waliokuwa wakifanya vizuri sana shuleni, na watoto 100 wenye ulemavu wa akili. Wakatengeneza chati zao na kuzichanganya. Kila mnajimu alipewa chati 40, akaambiwa atenganishe tu: huyu ni wa kundi gani?

Tafakari, ndugu msomaji, jinsi swali hili lilivyo jepesi kwao. Hawakuulizwa mtoto atakufa lini wala ataoa nani. Waliulizwa juu ya tofauti kubwa kuliko karibu zote katika maisha ya binadamu, ambayo mzazi yeyote huiona kwa macho. Ikiwa nyota haziwezi kuonyesha hata hilo, zitaonyesha nini? Waliojitokeza walikuwa wanajimu 51, lakini waliorudisha majibu ni 27. Anayebahatisha kwa kurusha shilingi angetarajiwa kupata 20 katika 40. Waandaaji walitaka angalau 28 ndipo wakubali kwamba kuna kitu zaidi ya bahati. Aliyefanya vizuri kuliko wote alipata 24. Kwa wastani wote kwa pamoja walipata asilimia 46. Chuo kimoja cha unajimu kilichopewa chati zote 200 kilipatia 102. Yaani shilingi ingefanya kazi hiyo hiyo, tena bila kudai ada.

Najua majibu yatakayotolewa, maana nimeyasikia yote. La kwanza ni kwamba wale hawakuwa mabingwa wa kweli. Basi mabingwa wa kweli ni nani? Tuwekeeni orodha yao kabla ya jaribio, siyo baada ya matokeo. Mwamba ngoma huvutia kwake, na ndiyo sababu ngozi haipimwi na aliyeiwamba. La pili ni kwamba unajimu umekubaliwa na wakubwa. Ni kweli kwamba mwaka 2001 tume inayosimamia vyuo vikuu vya India iliruhusu masomo ya unajimu, na mwaka 2004 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ikakataa ombi la wanasayansi la kuyazuia. Lakini majaji waliamua juu ya mamlaka ya tume. Hawakuhesabu chati hata moja. Na nyota hazisomi hukumu.

La tatu ndilo lenye nguvu zaidi kwa watu wa kawaida: "Mimi alinieleza mambo yangu yote!" Mwaka 1948 mwalimu wa saikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia, kila mmoja akidhani ni yake peke yake. Wakayapa maksi 4.26 kwa 5 kwa usahihi. Kumbe wote walipewa karatasi moja, ambayo sehemu yake kubwa ilichukuliwa katika kitabu cha unajimu cha kuuzwa mitaani. Mwambie mtu yeyote kwamba ana uwezo ambao bado hajautumia, na kwamba nje anaonekana imara lakini ndani ana wasiwasi. Atakuuliza nani kakwambia. Ukweli unaomtosha kila mtu haumhusu mtu yeyote.

Wengine watanitajia uchunguzi wa David Phillips na wenzake, uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1993. Waliwachunguza Wamarekani 28,169 wenye asili ya Kichina waliokwisha kufariki, wakasema kwamba wale ambao ugonjwa wao ulilingana na nuksi ya mwaka waliozaliwa walikufa mapema kuliko wengine, kwa mwaka mmoja na ushei hadi karibu mitano. Waandishi hao hawakusema nyota zimeua; walisema hofu ya imani ndiyo imefupisha maisha. Jambo hilo lingekuwa kubwa. Mwaka 2006 Gary Smith alizipitia hesabu zile upya, akaongeza vifo vya miaka iliyofuata, na matokeo yale hayakujirudia. Hivyo ndivyo watu wa kweli wanavyofanya. Hata habari inayovutia hurudishwa kwenye mizani, na ikipungua hutangazwa kwamba imepungua. Nionyeshe kitabu kimoja cha wapiga hesabu wa majina kilichofuta namba katika jedwali lake kwa sababu watu walihesabiwa ikaonekana haifai.

Mtu ataniambia, "Bwana, hayo yote yanakuudhi nini? Waache watu na furaha zao, hawamdhuru yeyote." Hapa ndipo hasa nilipotaka kufika, maana kama yangekuwa mchezo wa watoto nisingeishika kalamu.

Katika unajimu wa Kihindi, sayari ya Mirihi ikiwa katika nyumba ya 1, 4, 7, 8 au 12 ya chati, mtu huyo huhesabiwa kuwa na kasoro ya ndoa, na husemwa kwamba atamletea mwenzake kifo au balaa. Nyumba zote ni 12. Fanya hesabu mwenyewe: 5 katika 12 ni watu 4 hivi katika kila 10. Laiti watu 4 katika kila 10 wangekuwa wanaua wenzi wao, India ingejaa wajane na wagane mpaka barabarani. Na bado wasichana hukataliwa kwa sababu hiyo, na wengine huozwa kwanza kwa mgomba au kwa chungu cha udongo, ili balaa limshukie mgomba kabla ya mume. Katika mji nilioishi alikuwapo binti wa mfanyabiashara mmoja wa asili ya Gujarati, aliyesoma, mpole, hodari wa hesabu za duka la baba yake. Mara mbili posa yake ilivunjwa baada ya chati kusomwa. Hakuna aliyemtuhumu kwa tabia. Kosa lake lilikuwa saa aliyotoka tumboni. Baba yake aliniambia kwa sauti ya chini, kama anayezungumzia maradhi ya aibu, kwamba sasa anamtafutia mchumba mwenye kasoro kama yake. Nilipomuuliza kama amewahi kuona hesabu ya ndoa za namna hiyo zilivyokwisha, alinitazama kana kwamba nimetukana.

Tazama pia Japani, waliopokea kalenda yao kutoka China. Katika mzunguko wa miaka 60, mwaka wa Farasi wa Moto unasemekana kuzaa wanawake wakali wanaowamaliza waume zao. Mwaka 1965 walizaliwa watoto milioni 1.82. Mwaka 1966, uliokuwa wa Farasi wa Moto, walizaliwa milioni 1.36. Mwaka uliofuata wakapanda hadi milioni 1.94. Mamilioni ya watu waliosoma, wenye viwanda na treni za kasi, walipanga vitanda vyao kwa kumwogopa farasi wa kwenye kalenda. Mwaka mwingine wa namna hiyo ni 2026.

Upande wa heri nao una somo lake. Watoto wa mwaka wa Joka huko China hutarajiwa makubwa, na uchunguzi wa Naci Mocan na Han Yu ulionyesha kwamba kweli hufanya vizuri zaidi masomoni. Siri yake? Wazazi wao huwatumainia zaidi, huwapa muda na fedha zaidi, na huwapunguzia kazi za nyumbani. Basi joka limefanya nini hapo? Mzazi ndiye aliyefanya. Na yule mtoto wa mwaka usio na sifa, aliyenyimwa matumaini yale yale kwa sababu ya kalenda, nani atamlipa?

Na yupo aliyelipa kwa damu. Asubuhi ya Agosti 20, 2013, Narendra Dabholkar, mmoja wa wale wanne wa jaribio la Pune, alipigwa risasi akiwa katika matembezi yake ya asubuhi mjini humo, akafa. Sisemi kwamba aliuawa kwa sababu ya chati zile 200. Aliuawa baada ya miaka mingi ya kuwaambia watu wasinunue hofu. Mwezi Mei 2024 mahakama ya Pune iliwahukumu watu wawili kifungo cha maisha kwa mauaji hayo. Naye Narlikar alifariki mwaka 2025, mzee wa miaka 86, na jaribio lake limebaki likiwasubiri wanaotaka kulirudia.

Sipingi desturi za kutoa majina. Kinyume chake, naona wauzaji wa heri ndio wanaoziharibu. Wachina wana koo ambazo kila kizazi hupewa herufi moja ya pamoja, ili ndugu wakikutana ugenini wajuane nani ni baba mdogo na nani ni mtoto. Wana pia majina ya utotoni ya kudharaulisha, kama lile la makombo ya mbwa, yaliyotolewa na mama aliyeogopa kumpoteza mwanawe. Hayo nayaelewa, kwani ni mapenzi na hofu ya mzazi. Mhindi anayemwita binti yake jina la mto au la alfajiri amemwombea dua. Dua haina rejareja, wala haimtishi jirani, wala haimkatai mchumba. Jina likigeuzwa dawa ya kuuzwa ndipo inapotubidi tumuulize muuza dawa amemponya nani.

Basi ukiwa mzazi, mpe mwanao jina la bibi yake, la siku aliyozaliwa, la mvua iliyokuwa ikinyesha, au lolote linalokupendeza moyoni. Na akija mtu kukwambia kwamba jina hilo lina nuksi, au kwamba mchumba wa mwanao ana Mirihi mbaya, usibishane naye juu ya sayari. Mwulize kwa upole: katika watu 40 uliopewa bila kuwajua, uliwapatia wangapi? Kama hajawahi kupimwa, akapimwe kwanza. Kama amepimwa akapata 20, mwambie una shilingi yako nyumbani, kisha mshike binti yako mkono mwendelee na mipango ya harusi.